Jukwaa la Nane

Shemeji yangu hatangazi treni akiwa ameketi. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu mambo yote yaliyotokea baadaye yalianzia hapo, na sisi tuliokuwa tukimwona kila siku tulilisahau. Husimama, miguu ameipanua kidogo, mkono wa kushoto juu ya tumbo, kidevu juu, kipaza sauti usawa wa mdomo. Anasema mtu akiketi sauti hukunjika tumboni kama shati ndani ya sanduku, ikawafikia wasafiri na makunyanzi yake. Miaka ishirini na miwili nimemcheka kwa maneno hayo. Kwanza yeye ni mume wa dada yangu, na shemeji asiyechekwa ataota ukungu. Pili, dirisha langu la kukatia tiketi liko chini kabisa ya chumba chake cha matangazo, kwa hiyo nimemsikiliza kuliko mtu yeyote duniani, dada akiwemo.

Stesheni nzima inamwita Sauti. Jina lake halisi liko kwenye karatasi ya mishahara na sidhani kama kuna mwingine anayelijua. Tuna majukwaa sita na spika kumi na nne, na Sauti alizijaza zote bila kupiga kelele. Alikuwa anatangaza treni, saa yake na jukwaa lake, kisha anaongeza la kwake. Kila Alhamisi huja bibi mmoja mwenye kikapu chekundu, anakwenda kumwona mwanawe, na kila Alhamisi alikuwa akikimbia kama anafukuzwa. Siku moja Sauti alimwona kutoka dirisha lake la juu, akasema kwenye spika zote: "Mama mwenye kikapu chekundu, usikimbie. Treni inakuona." Watu walicheka, bibi naye akacheka, akapunguza mwendo. Tangu siku hiyo akawa anaambiwa kila Alhamisi, na nina hakika alianza kukimbia makusudi ili aambiwe.

Macho yake ya mbali, kwa kweli, ni ya mwewe. Atakwambia kama mtu aliye mwisho wa jukwaa la sita amefunga kamba za viatu au hajafunga. Lakini mwewe huyohuyo ukimpa risiti aisome, atanyoosha mkono mpaka udhani anataka kuitupa. Zamani hilo halikumsumbua mtu. Ratiba ilikuja kwa simu, naye akaiandika mwenyewe kwa kalamu nene kwenye vipande vya kadibodi, tarakimu moja ukubwa wa kiganja, akavitundika kwenye misumari ukutani mbele yake. Akasimama wima na kusoma.

Kisha tukaletewa programu mpya.

Siku ya kuizindua tulikusanywa wote kwenye ukumbi wa kungojea, wakaionyesha ukutani kwa projekta. Herufi zilikuwa kubwa kama milango. Treni zote, saa zote, majukwaa yote, na treni ikichelewa inajiandika yenyewe bila mtu kupiga simu. Tulipiga makofi. Aliyepiga zaidi ni Sauti, na mpagazi wetu mmoja, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi, tunamwita Mabega, alimwambia, "Mzee, sasa hata mimi nitaweza kazi yako." Sauti akamjibu, "Jifunze kwanza kunong'ona." Maana Mabega akinong'ona, mizigo inaamka.

Juu chumbani ilikuwa hadithi nyingine. Kule hakuna projekta, kuna kompyuta ya kawaida juu ya meza. Kipaza sauti chetu ni cha zamani, kimefungwa kwa bolti kwenye ukingo wa meza, na ukiisogeza kompyuta karibu nacho, spika zote kumi na nne zinavuma kama mzinga wa nyuki. Ikabidi ikae upande wa pili wa meza, hatua moja na nusu kutoka kwa mtu aliyesimama. Na zile herufi zilizokuwa kama milango zikawa kama mayai ya chawa, tena za kijivu juu ya nyeupe, sijui nani aliwaambia kijivu ni rangi ya kuandikia.

Sauti alijaribu kuzikuza kwa kubadilisha mipangilio ya kompyuta yenyewe. Zikakua. Lakini safu ya mwisho upande wa kulia, ile ya namba za majukwaa, ikasukumwa nje ya skrini. Akawa anajua treni ipi na saa ngapi, ila hajui inasimama wapi. Akampigia simu fundi wa programu, akauliza ukubwa wa maandishi unabadilishwa wapi ndani ya programu. Fundi akamwambia haubadiliki, ndivyo mfumo ulivyo. Akarudi kwenye kadibodi zake, lakini ratiba ilikuwa inabadilika kabla wino haujakauka.

Haya yote nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule hakumwambia mtu. Alipiga moyo konde akatafuta njia yake, nasi huku chini tukasikia matokeo.

Tulichosikia ni sauti inayoondoka. Alianza vizuri, "Wasafiri, tafadhali," halafu pale penyewe tunapopataka, saa na jukwaa, sauti ikazama kana kwamba ameingia kisimani. Mwishoni ikarudi: "Asanteni." Watu wakaanza kuja dirishani kwangu. Amesema jukwaa la ngapi? Amesema saa ngapi? Mimi sina subira na sijawahi kudai ninayo. Kufika wiki ya tatu nilikuwa nimejibu maswali hayo mpaka ulimi ukawa mzito, na mkuu wa stesheni aliponiuliza shemeji yako ana nini, nilimjibu haraka bila kufikiri.

"Sauti yake imekwisha, Mkuu. Ni umri tu."

Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu. Nimeliandika hapa ili lisije likasemwa na mwingine.

Siku chache baadaye ndipo lilipotokea la jukwaa la nane. Asubuhi ile palikuwa na bendi ya matarumbeta inakwenda kwenye mashindano, watu ishirini na sita, ngoma kubwa zimebebwa tumboni. Sauti akatangaza, safari hii ikasikika vizuri kabisa, kwamba treni yao iko jukwaa la nane. Stesheni yetu, kama nilivyosema, ina majukwaa sita. Lakini wageni wangejuaje? Bendi ikapita la nne, ikapita la tano, ikapita la sita, ikaendelea kwa mpangilio mzuri mpaka kwenye ukuta wa ghala la mabehewa mabovu, ikasimama pale ikiutazama ukuta. Mabega ndiye aliyewakimbilia kuwarudisha. Treni ilikuwa jukwaa la tatu, na waliiwahi dereva akiwa ameshapiga honi, mwenye ngoma kubwa akisukumwa mgongoni na watu wawili kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba kuliko ngoma.

Nilicheka mpaka nikafunga dirisha. Kila mtu alicheka. Kwa wiki nzima ukimuuliza mtu anakwenda wapi anakwambia jukwaa la nane. Chai ikikosekana, imepelekwa jukwaa la nane. Sauti peke yake hakucheka, na mtu huyo huwa anacheka hata akijikwaa.

Jumatatu iliyofuata alipewa barua. Mwisho wa mwezi atahamishiwa stoo ya vitu vilivyopotea, na matangazo yatasomwa na mashine. Mkuu alitusikilizisha mfano wa hiyo mashine. Sauti ya mwanamke asiyepumua, anamwita kila mtu abiria mpendwa, na hajui kama kuna bibi anakimbia au hakuna. Nilimtazama shemeji yangu akiikunja barua mara mbili, kisha mara nne, na kuitia mfukoni.

Jioni nikapita kwa dada. Nilimkuta anachambua mchicha uani, nikamwambia pole, sauti ya mumeo imekwisha kabla ya wakati wake.

Dada akaacha mchicha. "Imekwisha wapi?"

"Si huko kazini. Haisikiki kabisa."

"Wewe una wazimu? Jana amesahau taulo, ameniita kutoka bafuni, wameitika majirani wawili. Sauti ipo. Labda huko kwenu mnaiweka mahali."

Nilirudi nyumbani. Asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, nikamwomba mwenzangu anishikie dirisha, nikapanda zile ngazi thelathini na nne. Miaka ishirini na miwili nimekaa chini yake, na kule juu nilikuwa nimepanda labda mara tano. Niliusukuma mlango polepole.

Shemeji yangu alikuwa amelala juu ya meza. Sisemi usingizi. Tumbo lake lilikuwa kwenye ukingo wa meza, miguu yote miwili hewani, shingo imenyooshwa kuelekea kwenye skrini mpaka pua inakaribia kuigusa, mkono wa kulia umerudishwa nyuma ukibonyeza kitufe cha kipaza sauti. Kipaza chenyewe kilikuwa kimeelekea kisigino chake. "Saa mbili kasoro dakika kumi," alikuwa anasema, akiiambia kompyuta, "jukwaa la... la... la pili." Kisha akajivuta kinyumenyume, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwenye kipaza sauti kwa ile sauti yake yote: "Asanteni."

Nikajikuta natamani kucheka na kulia kwa pamoja, na kwa kuwa siwezi vyote viwili, nikakasirika.

"Shemeji! Kumbe ni maandishi!"

Aligeuka. Kwenye tai yake palikuwa na vumbi la meza. "Funga mlango," akasema.

"Sifungi. Tumekuzika mzima huku chini, unajua? Tunadhani koo limekufa, kumbe unaogelea juu ya meza! Mbona husemi?"

Akaketi kwenye kiti, kitu ambacho huwa hakifanyi chumbani mle. "Niseme nini? Niseme sioni? Wataniambia nimezeeka."

"Si wameshakwambia!"

"Wameniambia sauti imezeeka," akasema. "Macho nilitaka nibaki nayo."

Akaniambia alishakwenda hata kwa daktari wa macho, akapewa miwani. Ya kusomea kitabu ilimwonyesha kitabu, ya mbali ilimwonyesha reli, na ile kompyuta ilikuwa katikati ambako hakuna miwani iliyofika. Daktari alimwambia macho yako yako sawa na umri wako, mwambie aliyetengeneza hiyo kompyuta naye aje apimwe. Nikamuuliza na lile la jukwaa la nane, mtu aliyezaliwa karibu na reli hizi, alitangazaje namba isiyokuwepo?

"Siku ile nilikariri kwanza pale kwenye skrini, nikarudi kusimama nikasema. Ukisoma herufi mojamoja kwa shida namna hiyo, shemeji, husikii unachosema. Niliona nane, nikabeba nane. Ningeambiwa jukwaa la mia ningelitangaza."

Nilishuka ngazi zile mbilimbili, nikaingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi. Nilianza na kosa langu, kwamba nilimdanganya bila kujua, kisha nikamweleza yote. Mkuu si mtu mbaya, ila anaamini karatasi. Akawapigia simu watengenezaji wa programu mbele yangu. Wakamjibu kwamba hakuna mteja mwingine aliyelalamika, na kwamba mtumiaji anashauriwa kukaa umbali unaofaa.

"Mwambie aliyeitengeneza aje atangaze treni moja," nikasema kwa nguvu ili simu inisikie. "Moja tu!"

Sikutegemea kama wangekuja. Lakini Jumanne ya wiki iliyofuata aliteremka kwenye treni ya saa tatu binti mmoja mwenye begi mgongoni, hajafika hata miaka thelathini, akasema yeye ndiye aliyeiandika ile skrini ya matangazo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akaharibu kila kitu kwa kunisalimia shikamoo na kuuliza maji yako wapi.

Tukapanda juu, yeye, Mkuu na mimi. Sauti alikuwa amevaa koti lake zuri. Akampisha binti mbele ya kipaza sauti kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, akamwonyesha pa kuweka miguu.

"Kidevu juu, mwanangu. Mkono tumboni. Kitufe ni hiki. Treni inayofuata tafadhali."

Binti akabonyeza kitufe. "Wasafiri, tafadhali," akasema, vizuri kabisa. Kisha akaitazama skrini. Akakunja macho. Macho yake ni ya ujana, hayana kasoro, lakini ilikuwa ni hatua moja na nusu na mayai ya chawa. Akainama. Akainama tena. Kifua chake kikafika mezani, mguu mmoja ukapanda hewani, na kutoka kwenye spika kumi na nne za stesheni yetu sauti yake ikaingia kisimani.

Kutoka chini, bila spika yoyote, tukasikia sauti ya Mabega: "Jukwaa la ngapi? La nane?"

Binti alibaki juu ya meza kidogo, mabega yanatikisika. Nikadhani analia, nikaanza kumhurumia. Alikuwa anacheka. Akajivuta nyuma, akajipangusa vumbi, akamgeukia Sauti.

"Nilipoitengeneza nilikuwa nimeketi," akasema. "Hata sikujiuliza kama kuna mtu anaifanya kazi hii amesimama."

"Mbona hukuweka mahali pa kukuza maandishi?" nikamuuliza.

"Nilifikiri ukubwa niliouchagua unatosha."

"Unamtosha nani?"

"Mimi," akajibu, na hapo ndipo nilipoacha rasmi kumchukia.

Akaketi na daftari lake akamhoji Sauti saa nzima, swali baada ya swali. Anasimama wapi, anatazama nini kwanza, treni au saa, kijivu kinamsumbua au la. Sauti alikuwa anajibu kama mtu anayehojiwa redioni. Akataka namba ya jukwaa iwe ya kwanza kushoto, isisukumwe kamwe. Akataka wino mweusi. Alipoulizwa anataka herufi ziwe kubwa kiasi gani, akanyanyua kiganja chake.

"Nikizifanya hivyo, atakayekushikia zamu akizipenda ndogo atalalamika," binti akasema. "Nitaweka vitufe viwili, cha kukuza na cha kupunguza. Kila mtu akiingia kwa jina lake, atazikuta kama alivyoziacha."

Mkuu akauliza itachukua miezi mingapi. Binti akafikiri, akaona haya kidogo.

"Jumatano na Alhamisi. Alhamisi asubuhi, nadhani."

Mwezi na nusu mtu ameogelea juu ya meza kwa kazi ya siku mbili! Nilifungua mdomo nipasuke, halafu nikaufunga, kwa sababu nilikuwa na langu. Nilimsubiri ashuke ngazi, nikamvuta pembeni karibu na dirisha langu.

"Na hii yangu ya tiketi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "hivyo vitufe... unaweza kuviweka na huku?"

"Kwani nawe huoni?"

"Naona! Ila kuna vialama vya kuonyesha viti vilivyo karibu na choo. Nimewauzia watu viti vya choo tangu programu hii ije. Wananiangalia vibaya, nami nawaangalia vibaya."

Akaandika kwenye daftari bila kucheka. Mungu ambariki huyo mtoto.

Alhamisi nilifika mapema. Binti alikuwa ameshaweka kila kitu kwa kutumia mtandao akiwa huko kwao, na kwenye skrini yangu palikuwa na alama mbili kwenye kona, ya kujumlisha na ya kutoa. Nikatazama kushoto na kulia, nikabonyeza ya kujumlisha mara tatu. Vyoo vyote vikajitokeza. Nikamsikia Sauti anapita nyuma yangu kupanda ngazi, anazihesabu kwa mluzi kama zamani.

Saa nne kamili foleni ilikuwa ndefu. Bibi wa kikapu chekundu alikuwa wa pili, amevaa raba, kikapu kimefungwa kwa kamba kifuani. Wiki zote zile za kisimani alikuwa akikata tiketi na kuondoka mbio hata kabla sijamrudishia chenji, anakimbilia jukwaa la kwanza, halafu la pili, mpaka aipate treni yake kwa kubahatisha. Nilikuwa namwandikia kiti, mbali na choo, spika zilipokwaruza.

"Wasafiri, tafadhali."

Nilisimamisha mkono. Najua pale ndipo inapozama. Mabega naye alisimama katikati ya ukumbi na masanduku mawili kichwani.

"Treni ya saa nne na dakika ishirini iko jukwaa la nne. Narudia, jukwaa la nne." Ilikuwa sauti nzima, iliyonyooka, isiyo na kunyanzi hata moja, imejaa mpaka kwenye ghala la mabehewa mabovu. Kisha akapumzika, na nikamjua, nikajua analo. "Jukwaa la nane bado linajengwa. Tutawaarifu."

Ukumbi ulilipuka. Mabega aliangusha sanduku, mwenye sanduku akasahau kugomba kwa kucheka. Mkuu akatoka ofisini, akaitazama spika iliyo juu ya mlango wake, akarudi ndani, na baadaye nilisikia kwamba ile barua aliiomba mwenyewe mikononi mwa shemeji na kuichana. Mimi machozi yalikuwa yananidondokea kwenye tiketi ya bibi, na sikuona haya.

Bibi hakucheka. Alikuwa ameegemea dirisha langu, uso ameuinua juu.

"Kumbe yupo," akasema.

"Yupo, bibi. Hakuondoka."

"Mimi nilidhani amekufa. Nikaogopa kuuliza, nikawa nakimbia tu."

Nikampa tiketi yake na chenji. Alikuwa ameshageuka, raba tayari, mguu mmoja mbele, spika zilipokwaruza tena.

"Mama mwenye kikapu chekundu, usikimbie. Treni inakuona."

Akasimama. Akaifungua ile kamba kifuani, akakining'iniza kikapu mkononi, akakiinua juu kuelekea kwenye dirisha la ghorofani ili kionekane vizuri. Kisha akaenda jukwaa la nne akitembea.